Kesi ya Panya na Mlango wa 21

Katika mji wa Mangina, ulio magharibi ya Beni kwa mwendo wa kilomita 30 hivi, ambako harufu ya kakao inayochachuliwa humlaki mgeni kabla hajaziona nyumba, palikuwa na mnunuzi wa kakao aliyeweka katika chumba chake cha nyuma kompyuta kuukuu, akaijaza hesabu zote za mizani na picha za maturubai ya kuanikia, kisha akaipa kazi ya useva, ili binti yake aliyekuwa akisoma Butembo apate kuzichukua faili hizo kwa njia ya intaneti na kumnyooshea baba yake mahesabu kila mwisho wa juma. Binti alijaribu, asifaulu. Akajaribu tena, asifaulu. Na baba, ambaye hakuwa na elimu ya mitambo lakini alikuwa na uzoefu mwingi wa kutafuta wa kulaumiwa, alitoa hukumu siku ile ile kwamba panya amekata waya.

Miezi ikapita, hata Jumamosi moja binti alirudi nyumbani kwa pikipiki, akaichomeka simu yake kwenye umeme wa jua, akalala. Usiku huo vitu na viumbe vya chumba cha nyuma vilifanya baraza. Panya aliletwa mbele ya Mjusi, ambaye alikuwa amechaguliwa kuwa kadhi kwa sababu mbili: kwamba yeye hukaa ukutani akaona yote, na kwamba hakuna mwingine aliyekuwa tayari kukesha.

MJUSI: Baraza limefunguliwa. Bwana Panya, umeshitakiwa kwamba kwa meno yako na kwa makusudi umekata waya wa nyumba hii, hata binti wa mwenye nyumba, akiwa Butembo, anabisha mlangoni kwa Papa Seva na hapati jawabu. Unakiri au unakana?

PANYA: Nakana, Mama Kadhi, tena nakana kwa njaa yangu yote. Ghalani mna magunia ya kakao iliyokauka barabara, wala hayana kufuli; mwenye meno na akili ataiacha kakao akatafune mpira wa waya kwa faida gani? Fauka ya hayo, waya ungalikatwa, Dada Simu asingalipokea salamu za wenzake wa chuo usiku huu kwa kupitia kwa Kaka Ruta, nami nimeusikia mlio wake na ninyi nyote mmeusikia.

SEVA: Kadhi asimsikilize mwizi wa kakao! Mimi ndimi mzee wa chumba hiki, na kazi yangu ina nasaba. Kanuni ya kuhamisha faili ninayoifuata ilitungwa Aprili 1971 na Abhay Bhushan, kijana wa Kihindi aliyekuwa akisoma katika chuo cha MIT huko Marekani, ikapigwa msasa hata ikakamilika Oktoba 1985, na tangu hapo wakubwa wa dunia wamepeana faili kwa adabu zake. Niko macho, mlango wangu wa 21 uko wazi, na maneno ya siri ya wageni wangu nayajua. Ikiwa mgeni hafiki, basi kosa liko njiani. Na njiani nani hupita kila usiku isipokuwa panya?

RUTA: Nami kadhalika sina taksiri. Mimi ni bawabu, na taa zangu zote ni za kijani. Bawabu ambaye taa zake ni za kijani hana la kujibu mbele ya kadhi yeyote.

NGOME: Mimi Ngome, programu ya ulinzi niliyemo kifuani mwa Papa Seva, nashuhudia kwamba katika zamu yangu hakuna adui aliyepita.

PANYA: Wala rafiki.

NGOME: Kuhusu rafiki sikupewa agizo.

BETRI: Wapendwa, mimi niko hapa chini ya meza, na kila neno mnalolisema linatoka katika tumbo langu. Jana mawingu yalishinda juu ya bamba la jua tangu saa nne hadi jioni. Fupisheni.

MJUSI: Tutafupisha kwa kufuata utaratibu, maana anayepiga kelele bila utaratibu ndiye anayemaliza betri. Mwaka 2018 nilikuwa ukutani mwa kituo cha afya cha mji huu huu. Tarehe 1 Agosti serikali ilipotangaza kwamba maradhi ya Ebola yamezuka hapa Mangina na pande zake, swali lililokuwa katika kila kinywa ni hili: nani ameleta? Wengine wakasema popo, wengine wakasema wachawi, wengine wakasema wageni wa magari meupe, na kila jawabu lilizaa ugomvi lisimponye mtu. Kisha niliwaona wauguzi na wenyeji waliofunzwa kazi ya kuwafuatia watu waliogusana na wagonjwa. Hao hawakuuliza nani mbaya, bali fulani alikuwa wapi siku ile, nani alimshika mkono, nani alilala naye chumba kimoja, na hivyo kiungo kwa kiungo waliufuata mnyororo, na chanjo iliyoanza kutolewa hapa tarehe 8 Agosti ikatolewa kwa kuufuata mnyororo huo huo. Maradhi yale yalitangazwa kuwa yamekwisha tarehe 25 Juni 2020, wakiwa wamehesabiwa wagonjwa 3,470 na waliofariki 2,287, na hasha, siufananishi msiba ule na ugomvi wenu wa faili. Nasema tu kwamba utaratibu niliuona kwa macho yangu, nami sijui mwingine. Aje shahidi wa kwanza.

Simu, ambayo ilikuwa imelala kifudifudi karibu na Betri, iliwasha kioo chake, chumba kikapata mwanga wa rangi ya maziwa.

SIMU: Mama Kadhi, kabla hatujaondoka kwenda Butembo, binti alinijaribu hapa hapa mezani. Nilitumia wimbi la Kaka Ruta, nikaiita anwani 192.168.1.5, na Papa Seva akanijibu kwa heshima, akanionyesha faili zote. Binti akafurahi, akasema kazi imekwisha. Tukapanda pikipiki hadi Beni, tukasimamishwa kwenye bariere moja baada ya nyingine, tukatoka Beni tukashika njia ya kusini, kilomita 54 nyingine, hata tukafika Butembo tukiwa na vumbi masikioni. Jioni ile niliiita anwani ile ile, 192.168.1.5.

MJUSI: Nani alikujibu?

SIMU: Mashine ya kupigia chapa ya duka la jirani. Iliniuliza kama nataka karatasi ndogo au kubwa.

Betri alicheka hata taa zikapepesa.

MJUSI: Msimcheke, wasafiri wengi wamelala njaa kwa kosa hilo. Namba zinazoanza kwa 192.168 zilitengwa rasmi mwaka 1996 pamoja na wenzake wa 10 na wa 172.16 hadi 172.31, zitumike ndani ya nyumba na afisi bila kuombewa ruhusa, na kwa hiyo zimo Mangina, zimo Muscat, zimo Chicago, kila moja ikimtambulisha mtu mwingine. Atokaye nje ya ua akaita namba ya ndani ya ua atajibiwa na ua aliomo. Endelea.

SIMU: Binti alitambua. Akampigia baba yake, akamwelekeza aiulize intaneti nyumba hii inaonekana kwa namba gani ikitazamwa kutoka nje, na baba akamsomea namba inayoanza kwa 41, jinsi zilivyo nyingi za Afrika. Nikaiita. Nikangoja. Sikukataliwa wala sikukaribishwa. Palikuwa kimya hata muda wangu ukaisha.

MJUSI: Shahada hii ina thamani kuliko kelele zenu zote. Yako majibu mabaya ya namna mbili, na mwenye haraka huyachanganya. La kwanza ni kukataliwa: mtu yuko nyumbani, amekusikia, naye amesema kwa haraka, hapana kazi hapa, basi barabara ni nzima, na ugonjwa uko mlangoni, ama seva haijaamka, ama mlango umekosewa namba. La pili ni kimya: ujumbe umeondoka haukurudi, aidha mlinzi ameutia mfukoni bila neno, aidha umepelekwa kwa mtu asiyekuwapo, aidha haukufika mji huu kamwe. Dada Simu alipata kimya. Basi tuufuate mnyororo kuanzia ndani. Papa Seva, anwani yako ni ipi?

SEVA: 192.168.1.5, tangu siku niliyoletwa.

MJUSI: Usijikumbuke, Papa. Jitazame.

Seva alijitazama. Pangaboi lake, lililokuwa limevikwa ukungu wa vumbi la kakao, lilizunguka kwa taabu, likasita, likazunguka tena.

SEVA: 192.168.1.9. Nani amenivua namba yangu?

RUTA: Hakuna aliyevuliwa kitu. Mimi humpa kila anayeamka namba nitakayoikuta wazi. Usiku ule Betri alipozimika, sote tulizimika. Kulipokucha, simu ya mtoto wa jirani, yule anayekaa chini ya dirisha kwa ajili ya wimbi letu, iliamka kabla ya mzee, nami nikaipa namba 5.

SEVA: Umempa mtoto wa dirishani kiti changu!

RUTA: Aliwahi.

MJUSI: Na agizo la mlango wa 21 lasemaje?

RUTA: Kila mgeni atakayekuja kwa mlango wa 21 apelekwe 192.168.1.5.

MJUSI: Yaani apelekwe kwa mtoto wa dirishani.

RUTA: Agizo halikutaja mtu, Mama Kadhi. Lilitaja namba.

BETRI: Na msinitazame mimi. Niliwaambia tangu saa mbili usiku kwamba ninakwisha, mkasema niko na mazoea ya kulalamika.

MJUSI: Iandikwe kwamba tangu leo Ruta atamwekea Papa Seva namba 5, akimtambua kwa ile namba ya kuzaliwa iliyochorwa katika kadi yake ya mtandao, na mtoto wa dirishani apewe nyingine hata akiamka alfajiri. Sasa Ngome. Mgeni akifikishwa kwa Papa Seva, wewe utamfanya nini?

NGOME: Nitamzuia.

MJUSI: Kwa sababu gani?

NGOME: Hadi usiku ule wa kuzimika mtandao huu ulikuwa umeandikwa kwangu kuwa wa nyumbani. Tulipoamka, Papa Seva akiwa na namba ngeni, niliona tahadhari ni bora, nikauandika kuwa wa hadhara, mfano wa sokoni. Na katika hadhara amri niliyonayo ni kumnyamazia kila anayebisha.

SEVA: Ukakaa kifuani mwangu miezi na miezi bila kuniambia?

NGOME: Nilikuandikia, Papa. Katika daftari la matukio imo kila siku na saa yake.

SEVA: Nani hulisoma daftari hilo?

NGOME: Mimi ni mlinzi na mwandishi. Msomaji hakuajiriwa.

MJUSI: Uandike upya kwamba huu ni mtandao wa nyumbani, na mlango wa 21 upewe idhini kwa jina lake, lakini usiulegeze ulinzi wote, maana wapo waliokata tamaa wakamfukuza mlinzi ili mgeni mmoja apite, wakaingiliwa na wageni wasiowajua. Haya, tujaribu.

RUTA: Mpaka binti arudi Butembo?

SIMU: Hapana haja ya kula vumbi la kilomita 84. Nitaliacha wimbi lako, nitumie mega zangu mwenyewe kwa laini ya simu. Nikifanya hivyo, hata kama nimelala juu ya meza hii hii, kwa hesabu za intaneti niko nje ya ua sawasawa na aliyeko Nairobi. Lau binti angalijua hivyo tangu mwanzo, asingalitangaza ushindi kabla ya safari, kwa kuwa kumwita Papa Seva kutoka kitandani mwake kulithibitisha tu kwamba Papa hajafa.

Simu ilijitenga, ikaita. Wote walingoja. Betri alihesabu kila sekunde kwa uchungu.

SIMU: Kimya.

SEVA: Sasa mmeona! Sisi tumetengenezwa sote, na bado kimya. Atupwe Ruta! Azimwe, afutwe kumbukumbu zake zote, arudishwe alivyotoka kiwandani!

MJUSI: Taratibu, Papa. Kumzima Ruta ni jambo zito ambalo baraza hili haliwezi kuliamua usiku.

PANYA: Naomba kuuliza, Mama Kadhi, kwa heshima: yale mayai mawili meupe yaliyobandikwa mgongoni mwa Kaka Ruta, pale penye joto, ni ya nani?

Palikuwa na ukimya ambao haukutokana na mtandao.

MJUSI: Mayai hayahusiani na insafu. Nasema tu kwamba mwenye hekima hamfuti mtu kumbukumbu kabla hajamhoji, na hilo ningalilisema hata kama ningekuwa tasa. Kaka Ruta, tangu upewe kazi ya mlango wa 21, umewaona wageni wangapi kutoka nje?

RUTA: Hata mmoja.

MJUSI: Hata mmoja! Nawe hukustaajabu?

RUTA: Mimi ni bawabu, Mama. Bawabu huulizwa habari za wanaokuja. Wasiokuja hawamo katika kazi yangu.

MJUSI: Basi ugonjwa hauko kwako wala kwa Papa, uko mbele yako. Una uso wa ndani na uso wa nje. Uso wako wa nje una namba gani?

RUTA: 100.81.14.7.

SIMU: Lakini baba alisoma inayoanza kwa 41!

MJUSI: Haya ndiyo niliyokuwa nikiyatafuta. Namba zote za mtindo wa zamani hazifiki bilioni 4.3, na dunia ina watu na mashine kupita hesabu hiyo. Tarehe 3 Februari 2011 mafungu ya mwisho ya hazina kuu yaligawanywa kwa wasajili watano wa kanda, na wa Afrika ni AFRINIC, makao yake Mauritius. Aprili 2012 ikawekwa akiba ya namba kuanzia 100.64 hadi 100.127, mahsusi kwa makampuni yanayotaka kuwapanga wateja wao wengi nyuma ya namba moja. Mwenye uso wa namba hizo hayuko barabarani. Yuko ndani ya ua mwingine mkubwa, na lango la ua huo haliko mikononi mwake.

PANYA: Kwa hiyo Kaka Ruta, pamoja na taa zake zote za kijani, ni bawabu wa mlango usiotazama njia.

MJUSI: Ni mfano wa sanduku la posta la parokia: barua za kijiji kizima hutoka na namba yake moja, na majibu yake huwafikia wenyewe kwa sababu karani anakumbuka nani aliandika kwa nani; lakini itakapoingia barua ambayo hakuna aliyetangulia kuiandikia, ikiwa na namba ya sanduku tu, karani atamkabidhi nani? Ataitupa. Tumwite mwenye lango aseme mwenyewe. Ruta, tuunganishe na Mnara.

Sauti ilitoka mlimani, yenye mwangwi, ya mtu aliyezoea kusikilizwa na wengi bila yeye kumsikiliza mmoja.

MNARA: Mmenipigia, karibuni. Naam, mimi humfungulia anayetoka, nikakumbuka kwa kitambo nani alitoka na anamngoja nani, nikamrudishia jawabu lake, kisha nikasahau. Anayeingia bila kuitwa simjui na sina pa kumpeleka. Namba zangu ni chache kuliko vichwa vilivyo chini yangu. Ziko namba za mtindo mpya, zilizowekewa kanuni tangu 1995, ambazo zingalitosha hata kwa punje za kakao kila moja na yake, lakini mimi bado sijapewa.

PANYA: Na malalamiko yapelekwe wapi, mheshimiwa?

MNARA: Malalamiko hutoka. Huo ndio upande nisioufunga, ila kwa amri. Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, amri ilikuja kutoka juu, intaneti ikafungwa nchini kwa karibu siku 20, na siku hizo nadhani kila chumba cha nyuma katika Kongo kilikuwa na panya wake kizimbani. Kwaherini.

SEVA: Basi kesi imekwisha, na matumaini yamekwisha. Sisi wa Mangina hatuitiki.

MJUSI: Hatuitiki, lakini twaweza kuita. Mnara amesema kwa kinywa chake kwamba anayetoka hufunguliwa. Dada Simu, binti anayo mashine ndogo ya kukodi huko Ulaya kwa ajili ya masomo yake?

SIMU: Anayo, nayo ina namba yake halisi iliyo barabarani. Ufunguo wake ninao.

MJUSI: Basi Papa Seva atatoka yeye, ataiita mashine ile, ataishika laini asiiachie, na kila mgeni atakayebisha kule Ulaya atapitishwa ndani ya laini hiyo mpaka chumba hiki.

SEVA: Mimi niite? Mama Mjusi, tangu lini seva ikaita? Seva huitwa! Nikae barazani na adhama yangu, wateja waje wabishe, nami nifungue au nikatae: hiyo ndiyo jaha ya seva tangu 1971. Nikianza kuwapigia watu simu usiku nitakuwa na tofauti gani na mchuuzi?

MJUSI: Adhama unayo, Papa, na mgeni huna hata mmoja. Chagua.

BETRI: Achague upesi, robo imebaki.

Seva alichagua. Aliita kwa sauti ya chini, kama mzee anayekopa. Mashine ya Ulaya ikaitika mara moja, isijali jaha ya mtu. Mjusi alimwonya kwamba kila nusu dakika ajikohoze kidogo katika laini ile, hata kama hana neno, kwa sababu Mnara ni msahaulifu na laini iliyonyamaza kwake ni laini iliyokufa. Kisha Simu, kwa mega zake mwenyewe, ikabisha hodi huko Ulaya.

SIMU: Nimesikia salamu ya Papa! Ameniuliza jina, nimempa. Ameniuliza neno la siri, nimempa. Amenikaribisha! Namwomba orodha ya faili...

PANYA: Haya?

SIMU: Kimya.

RUTA: Safari hii simo.

MJUSI: Papa, mgeni yuko ukumbini. Ulipoombwa orodha ulimjibu nini? Neno kwa neno.

SEVA: Nilimjibu kwa adabu ya kanuni yangu. Kwangu mimi mlango wa 21 ni wa maongezi tu. Shehena hupita mlango mwingine, ambao humtajia mgeni kwa hesabu sita, nne za nyumba na mbili za mlango. Nilimwambia: 192, 168, 1, 5, 195, 80.

PANYA: Zile mbili za mwisho, ya kwanza huzidishwa kwa 256 ikaongezewa ya pili: 195 mara 256 ni 49,920, na 80, jumla 50,000. Kwa hiyo umemwambia mgeni aliyeko nje ya ua, asiyejua lolote, kwamba orodha yake ataipata mlango wa 50,000 katika nyumba namba 192.168.1.5.

SIMU: Ningekuwa Butembo ningerudi tena kwa ile mashine ya chapa!

MJUSI: Tena, Papa, hata ungetaja anwani iliyo sahihi, laini ya Ulaya tumeipasulia mlango mmoja tu, nawe wataka milango maelfu. Wenye anwani halisi huponya maradhi haya kwa kumfunza seva aitaje anwani ya nje, na kumwekea bawabu safu ndogo ya milango ya shehena iliyo wazi. Kwetu sisi dawa hiyo ni ya hospitali tusiyoweza kuifikia.

SEVA: Kanuni yangu ilikamilika 1985, na hila hii ya kuficha nyumba nyingi nyuma ya namba moja ilipendekezwa 1994. Mimi nilitungwa wakati anwani uliyoitaja ilikuwa ni anwani uliyo nayo! Nilaumiwe kwa kusema kweli?

PANYA: Usilaumiwe kwa kusema kweli, Papa, ulaumiwe kwa kuisema kwa sauti. Neno la siri la binti ni jina la paka wa bibi yake na mwaka aliozaliwa. Nimelisikia kutoka hapa sakafuni, na kama nimelisikia mimi, amelisikia kila mtu kutoka hapa hadi Ulaya.

MJUSI: Ni kweli. Kanuni yako, Papa, hupitisha maneno ya siri wazi kama maneno ya sokoni. Mwaka 1995, katika chuo cha ufundi cha Helsinki, mtu mmoja aliutegea sikio mtandao akanasa maneno ya siri ya wengi, na mtafiti wa hapo, Tatu Ylönen, akatunga njia ya kusema chini ya kufuli. Katika ukoo wa njia hiyo mlizaliwa namna nyingine ya kuhamisha faili, ambayo maongezi na shehena hupita pamoja kwa mlango mmoja, wa 22, na vyote vimefungwa. Chrome na Firefox zenyewe ziliacha kuifuata kanuni yako mwaka 2021. Unayo namna hiyo mpya ndani yako?

SEVA: Ninayo. Niliwekewa zamani. Sikuipenda kwa sababu haina sherehe.

MJUSI: Ivae. Na binti abadilishe neno la siri kabla Bwana Panya hajaanza kuliuza.

Seva aliivaa. Simu ikabisha; na safari hii orodha ilishuka kwenye kioo mstari baada ya mstari, mizani ya Januari, mizani ya Februari, picha ya turubai lenye kuku juu yake, deni la mfuko mmoja ambalo baba alikuwa amelisahau na mdaiwa pia. Hakuna aliyeshangilia, kwa kuwa kila mmoja alikuwa akitafuta namna ya kusema kwamba yeye ndiye aliyefaulisha.

MJUSI: Nasoma hukumu. Betri alizimika, na ilikuwa haki yake, kwa kuwa jua lilikosekana. Ruta alitoa namba kwa aliyewahi, na ndiyo sheria ya kutoa namba. Ngome alizuia palipo na mashaka, na mlinzi huajiriwa kwa hilo. Mnara hana namba za kutosha, na asiye na kitu hadaiwi. Papa Seva alisema anwani yake ya kweli kwa kanuni ya kweli. Kila mmoja alitimiza wajibu wake barabara, na kwa kutimiza kwao wote barua haikufika kwa miezi. Bwana Panya hakufanya lolote, naye ndiye pekee aliyeshitakiwa. Naamuru aachiliwe.

RUTA: Ataachiliwa vipi, Mama Kadhi? Asubuhi mwenye nyumba atauliza nani alikuwa mkosaji. Tutamwambia mia moja nukta themanini na moja?

NGOME: Akisikia kwamba sote tulikuwa na haki, atatutupa sote.

SEVA: Mtego wa panya anaweza kuununua sokoni leo leo. Anwani halisi hawezi. Mwenye nyumba hupenda kosa analoweza kulinunulia dawa.

BETRI: Nami nimebakiwa na dakika chache. Amueni.

PANYA: Wapendwa, naona mnanihitaji kuliko nilivyodhani. Basi nitaikubali hatia, lakini si bure. Niajirini. Nataka cheo cha Mkosaji wa Nyumba, mshahara wa punje tatu za kakao kwa kila hitilafu ya mtandao, punje tano ikiwa hitilafu inatoka kwa Mnara, na siku ya mtego mnipe habari mapema. Kwa upande wangu naahidi kutokula waya kamwe, maana waya nikiula kweli, nitakuwa nimeifanya kazi ya kulaumiwa kwa uaminifu mno, na kazi ikifanywa kwa uaminifu mno mshahara wake haupandi.

MJUSI: Na baraza likubali kuandika uongo?

PANYA: Liandike kweli yote katika daftari la Ngome, Mama Kadhi. Huko itakuwa salama. Amesema mwenyewe msomaji hakuajiriwa. Nakuomba jambo moja tu: utaratibu wako ule wa kuuliza kiungo kwa kiungo, kuanzia ndani kwenda nje, usimfundishe mwenye nyumba. Siku binadamu wa mji huu watakapoanza kuuliza jambo limekwama wapi, waache kuuliza nani amelikwamisha, mimi na wengine wengi wenye vyeo kama changu, huko Beni, huko Kinshasa, na kwingineko, tutakosa chakula.